Gikomba, soko linalovutwa kwa mikono

Mnamo mwezi wa Julai, shemeji yangu anayeishi katika jimbo la Minnesota, Marekani, alitutumia picha kwa simu. Alikuwa amesimama kando ya pikapu yake ya haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Nyuma ya pikapu hiyo ilikuwa imefungwa karavani nyeupe, nyumba kamili ya magurudumu yenye vitanda, jiko na choo. Alikuwa ameivuta kwa muda wa nusu siku hadi ufuoni mwa ziwa. Waya mmoja ulitoka kwenye pikapu ukaingia karavanini, na kwa waya huo, alivyotueleza, mkewe alikuwa akichemsha chai huku watoto wakitazama televisheni. Hapakuwa na nguzo ya stima wala jenereta pale.

Kifungua mimba wangu, ambaye anasomea uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja hapa Nairobi, aliikazia macho picha hiyo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, mjomba amefika mbali. Sisi huku bado tuko wakati wa mkokoteni."

Nilinyamaza. Nilikuwa na sababu ya kunyamaza, nami nitaitaja mbele, msomaji. Hata hivyo, jioni hiyo nilikata kauli kwamba Jumamosi ifuatayo ningeandamana naye hadi Gikomba. Mama yangu, ambaye angali anaishi katika mtaa wa Kaloleni, alihitaji kabati la nguo. Alikuwa ameshikilia kwamba hataki lile la dukani lililotengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi. Alitaka kabati la mbao ngumu kutoka Gikomba, na zaidi ya hayo alitaka liletwe kwa mkokoteni. "Likija kwa lori nitalirudisha," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Mlio wa nyundo

Tulishuka katika kituo cha mabasi kiitwacho Machakos, kando ya barabara ya Landhies, yapata saa mbili na nusu za asubuhi. Kwa mgeni asiyejua njia, mwelekezi mwema ni masikio yake mwenyewe. Ukishaikaribia Kamukunji tu, mlio wa nyundo unakulaki. Hao ni mafundi wa Jua Kali, ambao hugeuza mapipa na mabati makuukuu kuwa masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, majiko, karai na wilibaro. Waliitwa Jua Kali kwa sababu walifanya kazi bila paa. Mnamo mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na baada ya hapo wakajengewa vibanda. Jina lilibaki, hata kwa wale ambao sasa wako kivulini.

Kijana wangu alitaka kusimama kila hatua tatu. Nilimvuta mkono. Nilimwambia kwamba tukisimama kwa kila fundi, jua litatuchwea hapo hapo.

Gikomba yenyewe haina lango. Huwezi kuonyesha kwa kidole mahali inapoanzia. Unatembea tu, na mara unagundua kwamba barabara imekuwa nyembamba, nguo zimening'inia pande zote mbili mithili ya mapazia, na wewe umekuwa sehemu ya msafara ambao huwezi kuusimamisha. Soko hili limebanwa kati ya Pumwani, Shauri Moyo na Kamukunji, na Mto Nairobi unapita humo ukiwa umebeba taka za jiji. Kuna upande wa viatu, upande wa mashuka na mapazia, upande wa makoti, upande wa samaki kutoka ziwani, upande wa nafaka, upande wa vyerehani na upande wa mbao. Mwenyeji huijua mipaka hiyo kwa pua: harufu ya omena ikikoma na ya randa ikianza, umefika kwa maseremala.

Na kila mahali, juu ya sauti zote, utasikia miito ya wabebaji: "Beba! Beba!" "Mzigo! Pisha mzigo!" Usipopisha, utapishwa.

Mita chache za mwisho

Gikomba inajulikana kote Afrika Mashariki kwa biashara ya mitumba. Robota moja la nguo hizo huwa na uzani wa kilo 45 hivi. Huingia katika bandari ya Mombasa ndani ya makontena kutoka Ulaya, Marekani, Kanada na Uchina, kisha husafirishwa karibu kilomita 480 hadi Nairobi. Safari yote hiyo hufanywa na mashine: meli, winchi, gari moshi na malori. Lakini lori likishafika pembeni mwa soko, mashine hukoma. Vijia vya ndani ni vyembamba mno. Kuanzia hapo mzigo hubebwa kwa mgongo wa binadamu au kwa mkokoteni, ambao wengine huuita rukwama. Mita hizo chache za mwisho ndizo zinazoamua iwapo nguo iliyotoka ng'ambo itamfikia mnunuzi au la.

Msomaji akitaka kujua jinsi vijia hivyo vilivyo finyu, na akumbuke mioto ya Gikomba. Soko hili limeungua mara nyingi. Alfajiri ya Juni 28, 2018, moto uliozuka humo uliua watu 15 na kujeruhi wengine wengi. Malalamiko ambayo hayakosekani kila moto unapotokea ni kwamba magari ya zimamoto hukosa njia ya kupita. Pale ambapo gari la maji haliwezi kuingia, mkokoteni huingia.

Tena, mwishoni mwa Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa kuhofia ugonjwa wa korona, marobota yaliadimika. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Katika kipindi hicho walizungumziwa sana waagizaji na wauzaji wa nguo. Ni wachache waliouliza habari za mtu wa mkokoteni, ambaye bila robota hana jioni.

Kizazi cha wapagazi

Kabla ya kufika kwa maseremala tulipumzika kidogo karibu na mto. Nilimwonyesha kijana wangu upande ambako, si mbali, kuna soko la Kariokor. Nilimwuliza kama anajua asili ya jina hilo. Hakujua. Wengi wetu tunalitamka kila siku bila kujua.

Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vikuu vya kwanza vya dunia, vya 1914 hadi 1918. Waingereza na Wajerumani walipigania Afrika Mashariki katika nchi iliyojaa mbung'o, na farasi, punda na ng'ombe wa kuvuta mizigo walikufa kwa maradhi. Ndipo mamia ya maelfu ya Waafrika wakachukuliwa, wengi kwa nguvu, wabebe risasi, unga na majeruhi vichwani na mabegani. Kwa hesabu za serikali ya Uingereza yenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa wala si kwa risasi. Dar es Salaam nako kuna Kariakoo, na asili yake ni hiyo hiyo. Ukipita barabara ya Kenyatta katikati ya jiji utaona sanamu za shaba za vita hivyo, na mmojawapo wa wanaume waliosimama pale ni mpagazi. Hana bunduki.

"Kwa hivyo mtaa huu ulianza na mizigo," alisema kijana wangu.

Nilimwambia kwamba hajakosea sana.

Trela yenye miguu miwili mbele

Kwa maseremala tulilipata kabati tulilolitaka, la mahogani, lenye milango miwili na droo chini. Baada ya vuta nikuvute ya bei iliyochukua karibu saa nzima, tulilipia. Seremala alituelekeza kwa jirani yake, fundi wa kuunda mikokoteni, ili tupate mtu wa kutuvutia mzigo. Hapo ndipo mwanangu alipoanza kubadilika uso.

Fundi alikuwa na mkokoteni mpya ambao haujafungwa mbao za sakafu, na kwa hivyo mifupa yake yote ilikuwa wazi. Chini kulikuwa na ekseli ya gari lililokufa zamani, ikiwa na beringi zake na matairi mawili ya gari dogo. Juu ya ekseli kulikuwa na fremu ya mbao nene. Mbele zilitokeza mbao mbili ndefu za kushikia, zikiunganishwa na ubao mmoja wa kukingama ambao mvutaji huusukuma kwa kifua au tumbo. Nyuma, chini kabisa, kilikuwa kimepigiliwa kipande kinene cha tairi kuukuu.

"Hiki ni cha nini?" kijana aliuliza.

"Breki," fundi alimjibu bila kuinua kichwa.

Ufundi wenyewe ni huu. Mvutaji akiwa katika mteremko na mzigo ukianza kumsukuma, huinua mikono ya mkokoteni juu. Mkokoteni huinama nyuma na kile kipande cha tairi hukwaruza lami hadi mwendo upungue. Ndiyo sababu wakati mwingine unapita nyuma ya mkokoteni na kunusa mpira ulioungua.

Kijana wangu alichuchumaa akatazama ekseli ilipokaa, kisha akapima kwa shubiri mbele na nyuma. Aligundua kwamba ekseli haikuwa katikati kabisa. Fundi alimweleza kwamba mzigo ni lazima uwe mzito kidogo upande wa mbele. Ukiwa mzito nyuma, mikono itapaa na mvutaji ataning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Ukiwa mzito mno mbele, utamvunja kiuno kabla hajafika barabarani.

"Baba," aliniambia kwa sauti ya chini, "hii ndiyo kanuni ile ile ya karavani ya mjomba." Akanieleza kwamba wavutaji wa karavani kule Marekani hushauriwa kuhakikisha kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzani wa karavani inalalia kiungo cha nyuma ya pikapu. Ikipungua hapo, karavani huanza kuyumba kama mkia wa samaki na huweza kulipindua gari. Ikizidi, nyuma ya pikapu hukaa chini na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Fundi wa Gikomba, ambaye hajapata kuiona karavani, alikuwa ameifikia kanuni hiyo kwa kuwatazama watu wakining'inia.

Siri ya pikapu

Tulipokuwa tukimngoja mvutaji, stima ilipotea. Vyerehani vya umeme vilivyokuwa vikilia ng'ambo ya kijia vikanyamaza kwa mpigo mmoja, na baada ya dakika chache jenereta zikaanza kunguruma, moja baada ya nyingine, zikitoa moshi. Nilimwuliza mwanangu iwapo pikapu ya mjomba wake ingesaidia hapa. Alitoa simu akaanza kupiga hesabu, nami nampa msomaji matokeo yake kwa lugha nyepesi.

Pikapu ya haibridi inayojulikana sana kwa kazi hii ni Ford F-150, iliyoanza na modeli ya mwaka wa 2021. Ikiwa na kile kifaa chake kikubwa cha kutoa umeme, inaweza kutoa kilowati 7.2. Cherehani cha kiwandani chenye mota ya wati 250 kitahitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Vyerehani 28 vingeweza kushona kwa pamoja kutoka pikapu moja. Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme katika jimbo la Texas, kulikuwa na watu waliowasha taa na vipasha joto vya nyumba zao kwa pikapu za aina hiyo.

Lakini usidanganyike na ule ukimya wa picha ya shemeji. Betri ya pikapu hiyo ni ndogo, kama kilowati-saa moja na nusu. Ukiikamua kwa nguvu zote itaisha kwa muda usiozidi robo saa, na injini ya petroli itajiwasha ili kuijaza. Jenereta ipo, ila imefichwa chini ya boneti. Na pikapu hiyo ikivuta karavani nzito, unywaji wake wa mafuta huongezeka mno, kwa kuwa karavani ni ukuta unaosukumwa dhidi ya upepo.

Faida ya kweli ya haibridi iko mahali pawili. Kwanza, mota ya umeme ina nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na kuondoa mzigo mahali uliposimama ndiyo kazi ngumu kupita zote. Pili, gari likifunga breki, mota hiyo hugeuka kuwa dainamo na kurudisha katika betri sehemu ya nguvu ambayo ingepotea kama joto. Ndivyo zifanyavyo haibridi zote tangu Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mwaka wa 1997. Magari madogo ya aina hii yamejaa Nairobi siku hizi. Mengi yameletwa yakiwa yametumika huko Japani, mradi yasiwe yamepita umri wa miaka minane unaoruhusiwa na sheria zetu. Nayo pia ni mitumba, ila yana usukani.

Kisha kijana alinionyesha hesabu yake ya mwisho. Mtu mwenye afya akifanya kazi ya nguvu kutwa nzima, nguvu yake ni kama wati 75. Kilowati 7.2 za ile pikapu ni sawa na watu 96 wakivuta kwa pamoja.

"Na mkokoteni unavutwa na mmoja," alisema. Hakucheka.

Kupanda kutoka mtoni

Mvutaji aliyekuja alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye misuli ya miguu iliyojichora kama kamba. Mkokoteni haukuwa wake. Kama wengi wa wenzake, hukodi kwa siku, na ni lazima amlipe mwenyewe hata asipopata mzigo. Siku hiyo mwenzake wa kusukuma nyuma alikuwa amekwenda nyumbani kwa matanga. Aliniambia, "Mkubwa, nitavuta peke yangu, lakini pale kwenye mlima tutakwenda polepole."

Walilipandisha kabati wakalilaza chali, na seremala akaongeza godoro na viti viwili tulivyokuwa tumenunua kwa jirani. Wakafunga kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka mipira ya ndani ya matairi. Nilitazama, kisha bila kufikiri nikasema, "Sogezeni kabati mbele, upana wa kiganja tu. Na viti vikae juu ya ekseli."

Mvutaji alijaribu mikono, akaona kweli mzigo umekaa. Akanigeukia. "Mkubwa, wewe umejifunzia wapi?"

Msomaji, nilisema hapo awali kwamba nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Kwa miaka yote, kijana wangu alipouliza babu yake alifanya kazi gani, nilimjibu kwamba alikuwa katika biashara ya uchukuzi. Nilimjibu hivyo alipokuwa na umri wa miaka sita, nikarudia alipokuwa na kumi, naye alipofika shule ya upili aliandika katika insha kwamba babu alikuwa na kampuni ya malori. Niliisoma insha hiyo nikaitia sahihi.

Pale Gikomba, mbele ya watu nisiowajua, nilisema, "Kwa baba yangu. Alivuta mkokoteni katika soko hili miaka 19."

Mvutaji alitikisa kichwa kwa heshima, akainama akaingia kati ya mikono ya mkokoteni. Kijana wangu alinitazama tu. Hakusema neno.

Tulianza kwa kuteremka hadi darajani, na kile kipande cha tairi kikalia juu ya lami. Nguvu yote ya mteremko ule iliishia katika moshi mdogo wa mpira. Kisha tukavuka mto na kuanza kupanda kuelekea Shauri Moyo. Hapo mvutaji alilala karibu usawa wa ardhi, ubao umemkaa kifuani, na hatua zake zikawa fupi kama za mtoto. Matatu zilitupigia honi. Mwendesha bodaboda mmoja alitutukana. Nusu ya mlima, mkokoteni ulisimama. Haukurudi nyuma, lakini haukwenda mbele pia.

Kabla sijasema lolote, mwanangu alivua koti lake, akanipa, akaenda nyuma ya mkokoteni, akaweka mabega yake na kusukuma. Magurudumu yalizunguka. Mvutaji alipaza sauti bila kugeuka, "Hivyo hivyo, kijana! Usiachilie!" Hakuachilia hadi tulipotoka kwenye barabara ya Jogoo. Alikuwa amelowa jasho chapachapa.

"Baba," alisema akihema, "kumbe hii nayo ni haibridi. Mmoja anavuta wakati wote. Wa pili anasaidia mlimani."

"Na babu alikuwa na nani nyuma?" aliniuliza baada ya kimya kidogo.

Nilimwambia ukweli. Wakati wa likizo, nyuma nilikuwa mimi.

Kaloleni

Kaloleni ni mtaa wa miaka ya 1940, nyumba za mawe zenye nafasi na miti katikati, na ukumbi ambao zamani za kupigania uhuru wanasiasa wakubwa walihutubia humo. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda. Aliusikia mkokoteni kabla hajauona, akasimama.

Hakutazama kabati kwanza. Alimwendea mvutaji, akamsalimu kwa mikono miwili, akamwambia akae kivulini. Akamletea maji ya kunawa, chai ya maziwa na chapati kwa madondo, kabla ya mimi mwanawe na kabla ya mjukuu wake. "Huyu ndiye aliyekuja na mzigo," alisema. "Nyinyi mmekuja na miguu yenu tu."

Alipokwisha kula, nilimlipa bei tuliyoafikiana, na mama akanitazama kwa jicho ninalolijua tangu utotoni. Nikaongeza.

Alasiri hiyo, kabati likiwa limekwisha kusimama mahali pake, mjukuu alimwomba nyanya yake amsimulie habari za babu. Naye alimsimulia. Alimwambia jinsi marehemu alivyoondoka saa kumi za alfajiri ili awahi mboga za malori ya kutoka Kinangop. Jinsi alivyorudi akiwa na noti zilizolowa jasho, akazianika juu ya jiko. Jinsi karo ya shule yangu ilivyotoka robota baada ya robota, gunia baada ya gunia. Nilikuwa nimeketi pale pale, nikijua kila neno. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwangu kusikiliza bila kuona haya. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi nilikuwa nimetumika muda mrefu.

Kwa msomaji anayetaka kwenda

Iwapo wewe na jamaa yako hamjapata kufika Gikomba, nendeni asubuhi na mapema, kabla msongamano haujakolea. Vaeni viatu vya kufunika vidole. Acheni vito nyumbani na simu ziwe katika mfuko wa ndani. Mkisikia "Pisha!", pisheni kwanza na kuuliza baadaye, maana aliye na mzigo hawezi kusimama upesi kama nyinyi. Mkinunua kitu kizito, afikianeni bei na mvutaji kabla ya kupakia, na kumbukeni kwamba kodi ya mkokoteni inatoka katika pesa hizo hizo. Na mkiwa na mtoto anayesomea mambo ya mitambo, mpitisheni kwa waunda mikokoteni.

Sisemi kwamba mkokoteni ni bora kuliko pikapu. Hakuna mtu anayefaa kutumia kifua chake kama injini kwa miaka 19, na baba yangu hakuzeeka vyema. Mgongo wake ulimuuma hadi alipoaga dunia mwaka wa 2003. Kijana wangu sasa amechora katika daftari lake mkokoteni wenye mota ndogo ya umeme gurudumuni, ya kumsaidia mvutaji mlimani na kurudisha nguvu katika betri kwenye mteremko, badala ya kuiunguza katika kipande cha tairi. Anataka kuupeleka mchoro huo kwa yule fundi wa Gikomba amkosoe. Nimemwambia asiende na kiburi, kwa maana fundi yule atatazama kwanza ekseli imekaa wapi.

Jioni ile, kabla hatujaondoka Kaloleni, alimjibu mjomba wake wa Minnesota. Alimtumia picha niliyompiga pale mlimani: mkokoteni, kabati la mahogani, mgongo wa mvutaji mbele, na yeye mwenyewe nyuma akisukuma, uso umekunjamana. Chini yake aliandika: "Mjomba, hii ndiyo kampuni ya uchukuzi ya babu."